Saint-André, Miwa, na Majina Tuliyoyaacha Kilwa

Sentensi iliyonisukuma kuandika makala haya ilitamkwa na Mwafrika mwenzangu, tena msomi, tukiwa ndani ya basi la manjano linalorudi Saint-Denis kutoka mashariki mwa kisiwa cha Réunion. Tulikuwa tumemaliza mkutano wa kitaaluma wa siku tatu, na siku ya nne tukapewa nafasi ya kutembea. Tulichagua kwenda Saint-André, mji ambao vijitabu vya watalii huutaja kuwa ndio moyo wa Watamil wa kisiwa hicho. Tulitazama mahekalu, tukapita kando ya mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, tukala, tukapanda basi. Ndipo yule ndugu akatikisa kichwa na kusema: "Umewaona Wahindi? Karne moja na nusu tangu wavuke bahari, bado wana miungu yao na majina yao. Sisi Waafrika tunasahau upesi mno."

Hakuna aliyempinga. Hata mimi nilinyamaza, na ukimya huo umenikera tangu siku ile, kwa sababu saa tatu tu kabla yake nilikuwa nimesikia habari iliyokuwa na jibu lote, ila sikuwa bado nimelitambua. Yafuatayo ni jibu langu lililochelewa.

Kwa wasiokifahamu, Réunion ni kisiwa kilichoko mashariki mwa Madagaska, jirani na Mauritius. Zamani kiliitwa Bourbon. Tangu Machi 1946 si koloni tena kisheria, bali ni mkoa wa Ufaransa wa ng'ambo: fedha yake ni yuro, na walimu wake, mahakimu wake na bei za dukani vyote vinaitazama Paris. Barabara zake zingemfanya waziri wetu yeyote wa ujenzi aone wivu. Pamoja na hayo, zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake wanahesabiwa kuwa maskini kwa kipimo cha Ufaransa yenyewe. Hilo ni somo jingine, nitalirudia siku nyingine.

Saint-André uko kwenye uwanda wa mashariki, kati ya bahari na milima ya Salazie, karibu na mto uitwao Rivière du Mât. Ni mji wa watu zaidi ya hamsini elfu. Tulifika msimu wa mavuno, unaoanza kati ya mwaka na kumalizika karibu na Krismasi, na kwa hiyo jambo la kwanza kutupokea lilikuwa harufu ya molasi. Matrekta yanayovuta matela makubwa yaliyosheheni miwa yalikuwa yamepanga foleni kuelekea kiwanda cha Bois-Rouge, yakiangusha vipande barabarani, na watoto wa shule walikuwa wakiviokota na kuvimenya kwa meno kama watoto wa Turiani au Kidatu wafanyavyo. Miwa ingali inachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya kisiwa kizima. Ila viwanda vimekwisha. Mnamo miaka ya 1830 vilikaribia mia mbili, vingine vikiwa ni mtambo mmoja tu kando ya shamba la bwana mmoja. Leo vimebaki viwili, Bois-Rouge huku na Le Gol kule kusini. Soko la Ulaya lililowalinda kwa mgao maalumu lilifunguliwa mwaka 2017, na tangu hapo mkulima mdogo wa miwa anaishi kwa ruzuku na dua.

Karibu kabisa na Bois-Rouge kipo kituo cha umeme ambacho kwa miaka mingi kilichoma makapi ya miwa wakati wa mavuno, na makaa ya mawe wakati mwingine wa mwaka. Sasa makaa yameachwa, na mahali pake huletwa vidonge vya mbao kwa meli kutoka ng'ambo. Mwenyeji wetu, mhadhiri aliyezaliwa hapo hapo Saint-André, alitueleza hayo kwa fahari iliyochanganyika na kejeli kidogo: kisiwa kilicholetewa watu kwa meli ili kilime miwa, sasa kinaletewa kuni kwa meli ili kisage miwa hiyo.

(Msomaji wa Moshi asidhani mambo haya yako mbali naye. Kiwanda cha TPC kilipobinafsishwa mwaka 2000, mtaji na utaalamu vilitoka katika ulimwengu huu huu wa visiwa vya sukari.)

Kutoka kiwandani tulikwenda kwenye hekalu la Colosse. Linaonekana toka mbali, likichomoza juu ya miwa: mnara wenye ngazi nyingi za sanamu za rangi, buluu, pinki, kijani, manjano, miungu, farasi, tausi na walinzi wenye masharubu. Ukiliona kwa mara ya kwanza unadhani liko pale tangu enzi za kale. Kwa hakika mahekalu mengi ya namna hii yalijengwa au kupanuliwa katika miongo ya karibuni, wakati mafundi na makuhani walipoanza kualikwa kutoka India kuja kuweka sawa ibada ambayo wazee walikuwa wameiendesha kwa kumbukumbu. Na hapo pana mvutano ambao mgeni hauoni. Ibada ya zamani ya mashambani ilikuwa ya wanakijiji wa kusini mwa India: kuchinja mbuzi na majogoo kwa ajili ya Kali, kutembea juu ya makaa ya moto kwa ajili ya Pandialé, yule Draupadi wa masimulizi ya Mahabharata, na ngoma zilizokesha. Ibada mpya ni ya vitabu, haipendi damu, na inapenda mpangilio. Wazee wengine wanaona kwamba wanafundishwa upya dini ambayo babu zao waliiokoa. Nikiulizwa, niko upande wa wazee, lakini sina haki ya kupiga kura katika jambo hilo.

Tulivua viatu na mikanda ya ngozi, tukaingia uani. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia maua yaliyonyauka alitukaribisha. Alikuwa mstaafu wa kiwandani. Mwenyeji wetu alimwamkia kwa Kikrioli, akamwambia mimi natoka Tanzania, na mzee akaacha ufagio wake, akaketi kwenye kibaraza, akaanza kusimulia.

Jina lake la kwanza lilikuwa la mtakatifu wa Kikatoliki, kwa maana alibatizwa na bado huenda misani siku za sikukuu kubwa; haoni mgongano wowote. Jina lake la ukoo lilikuwa la Kitamil, na lilikuwa na historia. Babu wa babu yake aliposhuka melini, karani Mfaransa alimuuliza jina. Akataja jina lake mwenyewe, kwa kuwa kwao watu hawakuwa na majina ya ukoo kwa namna ya Kizungu. Karani akaliandika kama alivyolisikia, na tangu siku hiyo jina la mtu mmoja likawa jina la ukoo mzima, na kosa la karani la herufi mbili likarithiwa pamoja nalo. Binti wa mzee huyo alikuwa amekwenda kwenye nyaraka za mkoa mjini Saint-Denis na kulipata daftari lenyewe. Humo mlikuwa na jina, umri, meli, mwajiri wa kwanza, na namba. Mzee aliijua namba hiyo kwa moyo. Akaitaja mara mbili, polepole, kama mtu anavyotaja namba ya simu ya mtoto aliyeko mbali.

Kisha akanitazama, akasema jambo ambalo mwenyeji wetu alilitafsiri haraka haraka na kuendelea na mengine: "Bibi yangu mzaa mama alikuwa Kaf. Huyo watu wake walitoka kwenu, Afrika. Binti yangu aliwatafuta nao. Hakupata kitu."

Habari yenyewe ndiyo hiyo. Mzee mmoja mwenye damu mbili, na binti mmoja mwenye bidii ile ile, katika jengo lile lile la nyaraka. Upande mmoja alipata mtu, meli na namba. Upande wa pili hakupata kitu. Je, tuseme nusu moja ya mzee huyu ina hodari wa kukumbuka na nusu ya pili ni sahaulifu?

Inatupasa turudi nyuma. Utumwa ulifutwa Réunion tarehe 20 Desemba 1848, siku ambayo leo ni sikukuu ya kisiwa kizima. Zaidi ya watu 60,000 waliachwa huru, yaani zaidi ya nusu ya wakazi wote wa wakati ule. Hata kabla ya siku hiyo, kamishna wa Jamhuri, Sarda Garriga, alikuwa amekwisha kuamuru kwamba kila atakayeachwa huru lazima awe na mkataba wa kazi mkononi; uhuru ulikuja ukiwa umefungwa kamba mguuni. Hata hivyo wengi waliyakimbia mashamba. Mabwana walihitaji mikono mingine, na waliitafuta Pondicherry, Karikal na Madras. Baadhi walikuwa wameanza kuletwa miaka ya nyuma, lakini mlango ulifunguka hasa baada ya mkataba wa mwaka 1860 kati ya Ufaransa na Uingereza, uliowaruhusu Wafaransa kuajiri raia wa India ya Waingereza. Kwa jumla waliletwa Wahindi zaidi ya laki moja. Kisiwani wakaitwa Wamalbar, jina la pwani ya Malabar, ingawa wengi wao walitoka pwani ya upande wa pili wa India. Mkoloni hajawahi kuwa hodari wa jiografia ya watu anaowatumikisha.

Kwa Kiswahili chetu tunalo neno linalowafaa watu hawa kuliko neno lolote la Kifaransa: walikuwa manamba. Waliofanya kazi katika mkonge wa Tanga na Morogoro enzi za Mwingereza hawahitaji kuelezwa. Mkataba wa miaka mitano, mgao wa mchele, kukatwa ujira kwa siku ya kutofika kazini, na kukamatwa kama mzururaji ukionekana barabarani bila karatasi. Waliposhuka walizuiliwa kwanza karantini ya Grande Chaloupe, kando ya bahari, kisha wakagawiwa. Haki ya kurudishwa kwao baada ya mkataba ilikuwepo kwenye karatasi, lakini wengi hawakurudi kamwe. Kwa hiyo sitaki mtu yeyote anisome kana kwamba nausifu mkataba huo. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1877 tume ya pamoja ya Waingereza na Wafaransa ilikwenda kuchunguza, na mwaka 1882 serikali ya India ikasimamisha upelekaji wa watu Réunion.

Lakini tazama sentensi hiyo ya mwisho vizuri. Ipo serikali iliyouliza. Haikuuliza kwa huruma. Mwingereza alikuwa na hesabu zake za kibeberu na mashamba yake mwenyewe ya kuyatafutia watu. Hata hivyo palikuwa na balozi mdogo wa Kiingereza mjini Saint-Denis ambaye manamba aliyepigwa angeweza, kwa nadharia na mara moja moja kwa vitendo, kumfikia. Na ili serikali mbili ziweze kubishana juu ya watu, ni lazima watu hao waandikwe. Daftari lile alilolipata binti wa mzee halikuandikwa kwa ajili ya wajukuu. Liliandikwa ili ugomvi wa kidiplomasia uwe na ushahidi.

Zaidi ya hayo, walifika wengi kwa pamoja, kutoka wilaya zinazopakana, wakizungumza lugha moja, kwa kipindi kilichoendelea hadi 1882. Wenye mashamba waliona ni faida kuwaacha wajenge vihekalu vidogo vya mbao na mabati kando ya miwa, maana mtu mwenye mungu wake karibu hatoroki kwa urahisi. Minara ya leo ilianzia kwenye vibanda vile.

Sasa tumtazame bibi mzaa mama.

Mnamo Septemba 1776, miaka zaidi ya themanini kabla ya mkataba wa Wahindi, ulitiwa saini mkataba mwingine. Mahali ni Kilwa Kisiwani. Upande mmoja ni mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice. Upande wa pili ni Sultani wa Kilwa. Sultani anaahidi kumpatia Morice watumwa elfu moja kila mwaka, kwa piasta ishirini kila mmoja, na zawadi ya piasta mbili kwa Sultani kwa kila kichwa. Maandishi hayo yamehifadhiwa, na mwanahistoria Freeman-Grenville aliyachapisha mwaka 1965. Watu hao walikuwa wakipelekwa Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, ambayo ndiyo Réunion. Walikuwa Wamakua, Wayao, na watu wa makabila mengine ya bara waliofikishwa pwani kwa miguu. Katika mkataba huo wa Kilwa yameandikwa majina ya wauzaji na mnunuzi. Wanaouzwa wameandikwa kwa idadi.

Walipofika Bourbon, sheria ya mwaka 1723 iliwahesabu kama mali inayohamishika, sawa na samani, na ikaamuru wabatizwe. Walipewa majina ya kubatizwa, wakachanganywa makusudi wasikae watu wa lugha moja pamoja, na kwenye orodha za mali wakaandikwa kwa mafungu: Mmalagasi, Mkrioli, Kaf. Neno hili la mwisho ninaomba tulisikilize vizuri. Limetokana na neno la Kiarabu ambalo sisi tunalitamka kafiri. Ndivyo watu wa pwani walivyowaita watu wa bara, Wareno wakalichukua, Wafaransa wakalirithi, na leo kijana wa Saint-André mwenye nywele kama zangu hujitambulisha kwa neno hilo kwa fahari kabisa, kwa kuwa ndilo jina pekee aliloachiwa.

Mambo yalizidi kuwa mabaya wakati ule ule miwa ilipoanza kutawala. Vimbunga vya 1806 na 1807 viliangamiza kahawa. Mauritius ikachukuliwa na Mwingereza. Ufaransa ikabaki na kisiwa kimoja cha kuipatia sukari katika bahari hii. Mashamba ya miwa yakapanuka baada ya 1815. Lakini mwaka 1817 Ufaransa ilikuwa imepiga marufuku biashara ya kuleta watumwa. Je, mikono iliyopanda miwa ile ilitoka wapi? Ilitoka pwani yetu na Madagaska, kwa magendo, usiku, kwa maelfu. Na bidhaa ya magendo haiandikwi. Hapo ndipo jina la mababu wa bibi lilipopotelea. Watu walioliondoa walijua wanachokifanya, kwa kuwa daftari lingewapeleka mahakamani.

Hata baada ya 1848 Waafrika waliendelea kuchukuliwa, safari hii kwa jina la mkataba. Mtumwa alinunuliwa pwani, akapandishwa melini, akaulizwa kwa lugha asiyoielewa iwapo anakubali kwenda kufanya kazi kwa hiari, na akaitwa mwajiriwa huru. Mwaka 1857 Wareno waliikamata meli ya Kifaransa, Charles et Georges, katika pwani ya Msumbiji kwa sababu ya biashara hiyo, na Ufaransa ikailazimisha Ureno kuirudisha na kulipa fidia. Mchezo huo ulikoma 1859. Mhindi na Mwafrika wote waliitwa waajiriwa wa mkataba, katika kisiwa kimoja, kwa sukari moja. Tofauti yao ilikuwa kwamba nyuma ya mmoja palikuwa na ofisi iliyoweza kuuliza, na nyuma ya mwingine palikuwa na watu wa pwani waliokwisha kupokea fedha yao.

Ninawajua wasomaji wangu. Wapo watakaosema sasa nimehamisha lawama kutoka kwa mkoloni kwenda kwa Waswahili. Sijaihamisha. Mashamba yalikuwa ya Wafaransa, meli zilikuwa zao, na faida ilikwenda kwao. Ila nakataa kuifundisha historia ambayo ndani yake sisi ni wahanga siku zote, kwa maana historia hiyo ndiyo inayotufanya tusimtafute bibi wa yule mzee. Kumtafuta kunatulazimisha kuitazama saini ya Sultani.

Na je, ni kweli kwamba Wakaf walisahau? Tulipotoka hekaluni tulipita sokoni, na kwenye meza ya muuza vitu vya sanaa nikakiona chombo ninachokijua. Bapa, cha mstatili, kimetengenezwa kwa mabua membamba yaliyofungwa pamoja, na mbegu ndani. Nikakinyanyua, nikakitikisa. Nikamuuliza mwenyeji wetu kinaitwaje. "Kayamb," akasema. Nikamwambia sisi tunakiita kayamba, na Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanakicheza hadi leo kwa mabua yao. Cha Réunion hutengenezwa kwa mabua ya maua ya miwa. Watu walionyang'anywa kila kitu waliukuta mmea uliowatesa, wakauvunja, wakaufanya kayamba, na wakaendelea kuuita kayamba.

Kwa chombo hicho hupigwa maloya, muziki wa watumwa na vizazi vyao, na katika makesha yaitwayo servis kabaré mizimu ya mababu huitwa hadi alfajiri. Watawala waliubana muziki huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuuhusisha na wakomunisti na wanaotaka kujitenga. Mwaka 2009 UNESCO iliutambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Watu wanaosahau upesi hawaitani na mababu zao usiku kucha kwa miaka mia mbili huku polisi wakiwanusa. Hawakuwa na mnara wa rangi wa kutuonyesha sisi wageni wa nusu siku, na sisi tukadhani hawana kitu.

Kwa hiyo aliyesahau ni nani? Nilipoanza muhula niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wanieleze biashara ya pembetatu ya Atlantiki. Mikono mingi ikainuka. Wakaitaja Liverpool, wakaitaja Elmina. Nikawauliza juu ya mkataba wa Kilwa wa 1776. Kimya. Katika darasa lile walikuwemo vijana watatu wa mkoa wa Lindi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, na mgeni anayekwenda pale huelezwa, kwa haki kabisa, juu ya msikiti mkuu, dhahabu ya Sofala na ziara ya Ibn Battuta ya mwaka 1331. Nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili nilirudi bila kuambiwa neno moja juu ya waliopakiwa kutoka ufuko ule ule kwenda kulima miwa. Tumejichagulia karne tunazozipenda.

Wasomaji wangu walioko serikalini huwa wananiuliza, "Sasa unataka tufanye nini?" Safari hii nina majibu mawili madogo na moja kubwa. Madogo ni haya: kuwekwe bango Kilwa Kisiwani, kwa Kiswahili, linalosema watu walipelekwa wapi na kwa bei gani; na idara yetu ya nyaraka ikubaliane na wenzao wa Saint-Denis na Port Louis ili nakala za orodha zote zinazotaja watu wa pwani yetu zipatikane hapa nchini. Hata orodha za mali za bwana, zenye "Kaf, mwanamume, miaka 30," ni mwanzo. Gharama yake haifikii ya semina elekezi moja.

Kubwa linawahusu walio hai. Wakati ninapoandika haya wapo mabinti wa Tanga, wa Singida na wa Unguja wanaofanya kazi za ndani Muscat na Riyadh kwa mikataba. Baadhi wamepitia kwa mawakala waliosajiliwa, na kuna ofisi inayojua majina yao. Wengine wameondoka kwa viza ya matembezi, kwa kushikwa mkono na mtu wa mtaani, na hakuna daftari la Mtanzania yeyote lenye majina yao, wala la mwajiri, wala la mji. Likitokea jambo, mama yake Korogwe atakwenda ofisini na kuambiwa hawana taarifa. Mkataba peke yake hautamlinda binti huyo. Manamba wa Saint-André walikuwa na mikataba na walipigwa. Lakini tumekwisha kuona kinachotokea kwa mtu asiye na hata karatasi hiyo, wala serikali ya kuuliza. Afisa kazi anayeona kujaza rejista ni usumbufu wa kila Ijumaa, ningependa amsikie yule mzee akiitaja ile namba.

Niliporudi niliandika barua kwa ofisi moja ya umma kuhusu bango la Kilwa. Baada ya miezi minne nikaandika ya pili, nikaambatisha nakala ya ile ya kwanza. Nimepewa namba ya kumbukumbu.

Nilimwandikia pia yule ndugu wa kwenye basi, nikamweleza habari za bibi mzaa mama na za kayamba. Yeye alijibu kesho yake. Hakubishana wala hakukiri. Aliuliza tu kama maandishi ya mkataba wa Morice yanapatikana, kwa sababu anataka kuyasoma na wanafunzi wake. Nimemtumia.